Gari la Juu na Majuto Yake

Muulize mwenye gari la juu sababu iliyomfanya alichague na kuliacha la chini, naye atakupa majawabu matatu yaliyokwisha kuwa tayari ulimini mwake: kwamba njia zetu ni mbovu, kwamba jamaa zake ni wengi, na kwamba roho yake na roho za watoto wake haziuzwi. Hapana hata moja katika majawabu hayo lililo la uongo, wala mtu mwenye insafu hawezi kuyatupa. Lakini yakikusanywa yote na kutiwa mizanini hayatoshi kueleza kwa nini mtu wa Dar es Salaam akaaye Sinza na kufanya kazi Posta, ambaye njia yake ya kila siku ni lami tupu, alipe mamilioni ya shilingi zaidi ili aketi sentimita chache juu ya jirani yake. Liko jawabu la nne lisilosemwa, nalo ndilo kubwa. Na kwa kuwa halikusemwa siku ya kununua, huwa vigumu kulisema siku ya kujuta.

Magari ninayoyakusudia katika sura hii ni yale ambayo wauzaji huyaita SUV: RAV4, Harrier na Prado za Toyota, X-Trail ya Nissan, na wakubwa wao Land Cruiser, ambayo watu wa Tanzania wameyapa jina la mashangingi. Asili yake ilikuwa haja, fahari ikaja baadaye. Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilitaka gari dogo lenye nguvu katika magurudumu yote manne, na kiwanda cha Bantam kikaleta la kwanza, kabla Willys na Ford hawajapewa kazi ya kuliunda kwa maelfu. Ndilo Jeep lililopita katika matope ya Vita Vikuu vya Pili. Vita vilipokwisha, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, aliyekuwa akitumia Jeep katika shamba lake la kisiwa cha Anglesey, aliazimu kuunda la Kiingereza, na Land Rover likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, bodi yake ikiwa ya aluminiamu kwa kuwa chuma wakati ule kilikuwa kikigawanywa kwa kipimo. Japani nayo ikatoa Toyota BJ mwaka 1951, gari lililopanda Mlima Fuji hadi kituo cha sita, na miaka mitatu baadaye likaitwa Land Cruiser. Katika wasanifu wale wote sidhani kama alikuwako aliyewaza kwamba siku moja chombo chake kitapambwa maua na utepe ili kimpeleke bibi arusi ukumbini.

Kwetu sisi gari hili liliingia mikononi mwa serikali. Aliyelipanda alikuwa mkuu wa wilaya, au bwana shamba, au afisa wa wanyama pori, au daktari wa kuchanja. Na mtu wa kijijini aliyeliona vumbi lake likipanda mbali alijua kwamba amri inakuja, au kodi, au dawa. Uhuru ulipopatikana bendera ilibadilika, lakini gari la amri lilibaki kuwa lile lile la juu, na baada ya serikali wakaja wakuu wa miradi ya wafadhili nao wakapanda humo humo. Hivyo, kwa muda wa vizazi viwili au vitatu, urefu wa gari na heba ya mtu vikawa vimeunganishwa machoni petu hata tusiweze kuvitenga. Mwaka 2009 Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Kenya, alitangaza katika bajeti yake kwamba mawaziri wayaache magari makubwa, wapande yenye injini isiyozidi sisi (cc) 1,800, na Volkswagen Passat zikaletwa kwa ajili yao. Baadhi yao wakasitasita kuyarudisha yale waliyoyazoea. Njia ya kutoka Bungeni kwenda wizarani, katika mji wa Nairobi, ilikuwa lami wakati ule kama ilivyo leo. Kilichokuwa kikilindwa ni daraja ya mtu, na springi hazikuwamo katika shauri lile.

Namna gari la haja lilivyogeuka kuwa gari la starehe ni kisa cha Marekani, na ndani yake sheria ilitenda kazi kubwa pengine kuliko matamanio ya wanunuzi. Mwaka 1975, baada ya mafuta kuadimika kwa sababu ya vikwazo vya nchi za Kiarabu, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wenye viwanda wapunguze mafuta yanayonywewa na magari yao. Lakini malori madogo, yaliyodhaniwa kuwa ni vyombo vya wakulima na mafundi, yalipewa kipimo chepesi, na kodi ya magari yanywayo mno, iliyowekwa mwaka 1978, haikuyagusa. Wenye viwanda waliisoma sheria hiyo kwa jicho la biashara, wakaona kwamba gari la familia likijengwa kwa umbo la kuhesabiwa lori litakwepa masharti ambayo gari la kawaida haliwezi kuyakwepa. Jeep Cherokee la 1984, na Ford Explorer la 1990 lililojengwa juu ya fremu ya pikapu, yakawapa watu wa mijini gari la kwendea dukani lenye sura ya kwendea mwituni, na faida iliyopatikana katika kila moja ilikuwa nono. Matangazo yakayaonyesha juu ya majabali. Wanunuzi wakayatumia kupelekea watoto shuleni.

Wajapani waliongeza werevu wao juu ya huo. RAV4 la 1994 na Harrier la 1997 hayakujengwa juu ya fremu ya lori, bali juu ya misingi ya magari ya chini, yakainuliwa na kuvikwa bodi ya heba. Hata Harrier, ukilivua joho lake, ni ndugu wa Camry, na mengi katika yale yaliyoletwa kwetu huvutwa na magurudumu mawili ya mbele tu. Mwenyewe hulijua hilo siku ya kukwama matopeni, anapotafuta nguvu ya magurudumu manne aliyodhani ameinunua, asiione. Lakini dunia imeupokea ubunifu huu kwa mikono miwili: Shirika la Kimataifa la Nishati laeleza kuwa mwaka 2010 magari haya yalikuwa kiasi cha asilimia 17 ya magari mapya yote yaliyouzwa duniani, na mwaka 2023 yalikaribia kuwa nusu.

Mengi ya kwetu hayaji yakiwa mapya. Huko Japani gari hukaguliwa kwa amri ya serikali baada ya miaka 3 ya kwanza, na tangu hapo kila miaka 2, na gharama za ukaguzi huo pamoja na kodi zake huwafanya wengi waone kheri kuliuza lililochakaa kidogo na kununua jingine. Lililouzwa huingia mnadani, hupewa alama za hali yake katika karatasi, likanunuliwa na wakala, likapakiwa melini, na baada ya wiki kadhaa likateremshwa Mombasa au Dar es Salaam, usukani wake ukiwa kulia kama sheria zetu zitakavyo. Kenya hailikubali lililopita umri wa miaka 8. Tanzania hulikubali, ila hulitoza nyongeza kwa uzee wake, na ushuru mwingine kwa ukubwa wa injini yake, hata yote yakijumlishwa mara nyingi hukaribia bei ya gari lenyewe, au huizidi. Mnunuzi hulalamika, hulipa, hulichukua. Kwa njia hiyo Harrier la toleo la pili, ambalo vijana wa mjini kwa utundu wao wamelibandika jina la tako la nyani kwa ajili ya taa zake za nyuma, humfikia karani, mwalimu na mfanyabiashara wa kadiri, watu ambao lingalikuwa jipya wasingalithubutu kuuliza bei yake.

Sasa na tuyapime yale majawabu matatu. La njia mbovu lina nguvu. Tumbo la gari la juu liko kiasi cha sentimita 20 kutoka ardhini, na la gari dogo kiasi cha 15. Tofauti ni upana wa vidole vitatu, lakini katika barabara za ndani za Goba au Kivule wakati wa masika vidole vitatu ndivyo vinavyomtenga mtu aliyefika kwake salama na mtu aliyepasua sampu ya oili. Matuta yetu nayo, ambayo kila mtaa huyajenga kwa kimo upendacho, hulikwaruza tumbo la gari la chini kila siku iendayo kwa Mungu. Mtu anayekaa mwisho wa njia kama hiyo, alfajiri na magharibi, ana hoja isiyohitaji wakili.

La jamaa wengi ni dhaifu. RAV4 na Harrier yana viti vitano, sawasawa na Corolla, na tofauti iliyopo ni nafasi ya mizigo na wepesi wa wazee kuingia bila kuinama. Mtu ambaye haja yake ya kweli ni kubeba watu angenunua Toyota Noah, ambayo hupakia wanane, na milango yake hufunguka kwa kuteleza; lakini mwambie hivyo mtu anayetafuta Harrier, naye atacheka, kwa kuwa machoni pake Noah ni gari la abiria wa nauli, na yeye hakukusanya akiba yake ya miaka ili afananishwe na dereva wa njia ya Mbagala. Katika kicheko hicho jawabu la nne hujitokeza lenyewe. Mlinzi wa hoteli hulifungulia gari la juu lango kabla hajauliza, bajaji hulipisha, mkwe hulitazama kupitia dirishani na kuridhika, na mwenye gari, akiwa ameketi mahali ambapo anawaona wengine kwa chini, huhisi kwamba kazi zake za miaka yote zimepata shahidi. Hisia hiyo si haramu. Binadamu wa kila zama ametaka juhudi yake ionekane, na waungwana wa pwani walijenga milango ya nakshi kwa muradi huo huo.

Mahali ambapo majawabu yote manne hukutana ni mwezi wa Disemba. Nchi nzima yajua desturi ya Wachagga kurudi kwao kula sikukuu, na jinsi barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi inavyofurika magari siku hizo. Huko Rombo, Machame na Kibosho njia za kupanda migombani ni za matope na miteremko, hivyo gari la juu lina kazi ya haki. Jamaa wa kupakiwa wapo, na mizigo ya kwenda na ya kurudi. Safari ni ndefu na ya hatari. Tena wapo wazee, wajomba na wale waliosoma pamoja na mwenye gari, ambao macho yao ndiyo mahakama anayoihofu kuliko zote. Kwa siku hizo gari hulipa kila senti iliyotumika juu yake. Lakini sikukuu hupita, mwenye gari hurudi mjini, na chombo kilichochaguliwa kwa ajili ya siku 10 huanza tena kutumikia zile nyingine 355 katika foleni ya Ubungo. Hapa ndipo ninapoona shina la jambo lote, na si kwa Wachagga peke yao: mtu huchagua gari kwa safari yake adhimu, kisha hulilipia katika safari zake za kawaida. Majuto yake huwa na kimo sawa na umbali uliopo kati ya safari hizo mbili.

Gharama ya umbali huo huweza kuhesabiwa. Tumchukue mtu aendaye na kurudi kilomita 30 kwa siku, siku 25 za mwezi, jumla kilomita 750. Harrier la injini ya sisi 2,362 katika foleni za mji litakwenda kiasi cha kilomita 8 kwa lita moja, na gari dogo la sisi 1,300 kiasi cha 14. Basi la kwanza litakunywa lita 94 kwa mwezi na la pili 54. Zile lita 40 za ziada huwa 480 kwa mwaka, na lita ikiwa shilingi 3,000, mwenye gari la juu ametoa shilingi 1,440,000 kwa ajili ya kimo peke yake. Hapo hatujagusa tairi za inchi 17 au 18, wala bushi na shokapu zinazobeba uzito mkubwa zaidi, wala ile giaboksi ya mkanda iliyomo katika baadhi ya magari haya, ambayo haitaki oili yoyote ila yake, na ikiharibika aghalabu fundi hushauri ibadilishwe nzima.

Ajabu ni kwamba majuto haya hayana sauti. Aliyenunua viatu vikambana atakuambia, lakini aliyenunua gari lililomshinda hatakuambia, kwa sababu alilinunua ili liseme kwa niaba yake, na kulikana ni kujikana. Kwa hiyo itakubidi uyasome majuto katika dalili. Gari hulala nyumbani Jumatatu hadi Alhamisi, na mwenyewe huonekana katika basi la mwendokasi, akieleza kwamba amelipumzisha. Kituoni huagiza mafuta ya elfu kumi, na taa ya kuonya huwaka tangu mwanzo wa mwezi hadi siku ya mshahara. Joto la Dar es Salaam likiwa kali, vioo hushushwa ili kipoza hewa kisile mafuta. Ukimshauri auze, atasema bei ya soko imeshuka, na hilo laweza kuwa kweli. Lakini ukweli ulio nyuma yake ni kwamba kushuka kutoka Harrier na kupanda Vitz mbele ya mtaa mzima ni tangazo asiloweza kulitoa.

Majuto ya siri huwa dhahiri yanapowapata wengi kwa pamoja. Kiangazi cha mwaka 2008 petroli ilipofika dola 4 kwa galoni nchini Marekani, magari makubwa yalijaa katika viwanja vya wauzaji bila mnunuzi. General Motors ikajaribu kuliuza jina la Hummer kwa kampuni ya Sichuan Tengzhong ya China, mapatano yakavunjika Februari 2010, na Hummer likafungwa. Ungalidhani taifa zima limetubu. Lakini bei ya mafuta ilipoporomoka mwishoni mwa mwaka 2014 toba ile ilisahauliwa, hata Aprili 2018 Ford ikatangaza kwamba itaacha kuuza karibu magari yake yote ya chini katika Amerika ya Kaskazini, ikibakiza Mustang, na General Motors ikalifufua Hummer kwa umeme. Majuto yaliyozaliwa na bei hufa pamoja na bei. Nafsi iliyolitamani gari haikuwa imeguswa.

Limebaki jawabu la usalama, nalo ndilo zito kuliko yote, maana linahusu damu. Ni kweli kwamba uzito na kimo humkinga aliye ndani anapogongana na gari dogo. Lakini kitu kirefu hupinduka upesi kuliko kifupi. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita tairi milioni 6.5 zirudishwe, nyingi zikiwa zimefungwa katika Ford Explorer, baada ya ngozi za tairi kubanduka mwendoni na magari kupinduka. Wakuu wa usalama wa barabara wa Marekani walihesabu vifo 271. Tangu magari ya mwaka 2012 nchi hiyo imelazimisha kila gari jipya lisilo lori kubwa liwe na mtambo wa kompyuta unaolizuia lisiyumbe, na mtambo huo umepunguza sana hatari hiyo. Lakini mengi katika magari ya umri mkubwa yanayoteremshwa bandarini kwetu yaliundwa kabla ya zama hizo, na anayelikimbiza moja katika kona za mlima wa Kitonga akiamini kwamba ukubwa ni usalama ameamini nusu ya habari.

Na wako wasio ndani ya gari lolote. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya utafiti wa ajali, IIHS, ilieleza kwamba magari ambayo boneti zake zimezidi kimo cha inchi 40 yana uwezekano wa kuua mtembea kwa miguu yamgongapo uliozidi kwa kiasi cha asilimia 45 ule wa magari yenye boneti ya inchi 30 au chini na pua iliyoinama, kwa kuwa pigo humfika mtu kifuani au kichwani badala ya miguuni. Prado na mashangingi ndiyo ya kukumbukwa hapa zaidi kuliko RAV4. Katika miji yetu, ambamo wengi huenda kwa miguu, na mama mwenye mzigo kichwani huvuka barabara ya njia nne bila daraja wala taa, habari hiyo si ya Marekani peke yake. Tarehe 4 Februari 2024 watu wa Paris walipiga kura kuyaongezea magari mazito ada ya kuegesha mara tatu, hadi euro 18 kwa saa katikati ya mji. Waliojitokeza walikuwa wachache, asilimia 6 haikufika, lakini walio wengi kati yao walikubali. Hao walikuwa wakiyasemea majuto ambayo mwenye gari hayaoni, kwa sababu yamemwangukia mwingine.

Je, wako wasiojuta? Wako, tena wengi, na ukiwachunguza utawakuta wote wana sifa moja: njia yao ya kila siku inafanana na njia waliyolinunulia gari. Mwongoza watalii wa Arusha, ambaye Land Cruiser yake imerefushwa na kufungwa paa la kuinuka, hajuti, kwa kuwa Serengeti ndiyo ofisi yake. Daktari anayezungukia zahanati za wilaya yenye udongo mweusi hajuti. Mkulima wa Mbulu hajuti, wala mtu wa mjini ambaye lami imekomea mbali na nyumba yake, aliyepima akaona kwamba kila jioni anavihitaji vile vidole vitatu. Hata yule aliyelitaka kwa ajili ya fahari hajuti, ikiwa aliijua bei ya fahari, akawa nayo, na akakiri moyoni kwamba hicho ndicho alichokuwa akikinunua. Majuto ni mjukuu wa hadaa, na hadaa ya kwanza ni ile mtu anayojihadaa mwenyewe.

Kwa hiyo, msomaji, kabla hujatuma fedha zako Yokohama, chukua karatasi uandike safari zote ulizokwenda mwezi uliopita, na mbele ya kila moja uandike kama gari la chini lingalishindwa kufika. Usiandike safari unazozitarajia, wala zile unazotaka watu wakuone ukizifanya; andika ulizokwenda. Zikiwa nyingi zinalidai gari la juu, linunue, uhakikishe lina magurudumu manne yenye nguvu ikiwa hayo ndiyo uyatakayo, na usimwombe mtu radhi. Ikiwa ni Disemba peke yake inayolidai, nunua dogo, na Disemba ikifika likodi la juu.